Dawa ya Leukemia Inapogonga Mwamba

Mtu mzima akianza kuhisi uzito upande wa kushoto wa tumbo, akashiba kwa matonge mawili matatu ya bukari na kukonda bila sababu, ni rahisi kudhani ana malaria, kwa kuwa malaria nayo huvimbisha wengu. Kipimo cha damu ndicho kinachotenganisha mambo. Chembe nyeupe za mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 10,000 hivi kwa mikrolita. Za mgonjwa wa leukemia sugu ya mieloidi, ile inayoandikwa LMC kwenye faili za Kifaransa, zinaweza kupita 100,000.

Ugonjwa huu huanzia kwenye uboho. Kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 hubadilishana nafasi, na pale vinapoungana huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL, inayoziamuru chembe zizaliane bila kikomo. Mtu harithi jeni hiyo kwa wazazi, haambukizwi na mwenzake, wala hakurogwa.

Kidonge cha imatinibu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia amri hiyo. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uliofuatilia walioanza na dawa hii, miaka 10 baadaye wagonjwa 83 hivi kati ya 100 walikuwa hai. Jijini Nairobi, wagonjwa wengi wamepewa dawa hiyo bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation.

Hata hivyo, kuna wanaopona vizuri kisha chembe zikapanda tena. Sababu moja ni kwamba jeni yenyewe hubadilika. Mabadiliko yanayojulikana zaidi huitwa T315I: herufi moja tu ya jeni hubadilika, na imatinibu, mfano wa ufunguo kwenye kitasa kilichobadilishwa, haiingii tena. Dasatinibu na nilotinibu nazo hushindwa. Zinazoweza kusaidia ni ponatinibu na asiminibu, dawa ghali ambazo ni vigumu kuzipata. Ndiyo maana kumwongezea mgonjwa dozi kwa kubahatisha, bila kipimo, ni kumpotezea muda ambao hana.

Katika aina nyingine, leukemia kali ya mieloidi, adui ni mwingine. Jeni iitwayo MDR1 hutengeneza pampu kwenye ukuta wa chembe, nayo huitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Pampu hiyo huonekana zaidi kwa wagonjwa wazee, na wenye nayo kwa wingi hupata nafuu kwa shida zaidi.

Lakini kabla ya kuilaumu jeni, vidonge vihesabiwe. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 87 wa LMC. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, karibu wote walifikia kiwango kizuri cha kudhibiti ugonjwa. Kati ya waliomeza asilimia 90 au chini yake, hata theluthi moja haikufikia kiwango hicho. Wapo wanaoacha kwa sababu ya kichefuchefu. Imatinibu imezwe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Nilotinibu, kinyume chake, humezwa tumbo likiwa tupu.

Mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu awe mwangalifu zaidi. Rifampisini hulifanya ini liivunje imatinibu haraka, na kiasi cha dawa kwenye damu hushuka sana. Daktari wa kifua kikuu na yule wa leukemia lazima kila mmoja ajue mwenzake ameandika nini.

Kiasi cha BCR-ABL hupimwa kila baada ya miezi mitatu mwanzoni. Kufikia mwezi wa tatu wa matibabu kinatakiwa kiwe kimeshuka hadi asilimia 10 au chini yake, na mwaka ukiisha, asilimia 0.1 au chini yake. Mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, ina katriji yake ya BCR-ABL. Katriji hiyo huonyesha kiasi tu. Kuitafuta T315I kunahitaji maabara inayosoma herufi za jeni. Mgonjwa ambaye kipimo chake hakishuki amuulize daktari mapema: sampuli itapelekwa wapi, na majibu yatarudi lini?