Kichocho na Seli Zinazogeuka



Ukurasa wa sayansi safari hii nimepewa mimi, nami naanzia kwetu, Mocímboa da Praia. Tulipokuwa wadogo, mvulana akikojoa damu hakuna aliyeshtuka. Wakubwa walicheka, wakasema amebaleghe. Tulikuwa tukishinda kwenye mabonde ya mpunga upande wa mto Messalo, tukifukuza ndege, tukiogelea, tukitawadha humo humo. Damu ile ilikuwa ya kichocho.

Mjomba wangu aliishi na kichocho hicho mpaka utu uzima. Mwaka 2020, vita vilipotukimbiza hadi Pemba (mji mkuu wa Cabo Delgado, si kisiwa mnachokijua), mkojo ulikuwa ukimtoka matone matone, una damu. Swali lake la kwanza lilikuwa la swala. Jibu alilijua tangu chuoni: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe wakati ukishaingia, aswali. Jibu la daktari ndilo lililochelewa: saratani ya kibofu, ya seli bapa. Nilikuwa nimeanza kusoma baiolojia, nikashangaa. Seli bapa ni za ngozi, za mdomo, za umio. Kibofuni zimefikaje?

Hazikutoka kokote, zilizaliwa pale pale. Karibu kila seli ya mwili ina vinasaba vyote. Ya ini inayo maagizo ya kutengeneza msuli, na ya msuli inayo ya neva. Fikiria khitma: msahafu ni mmoja, lakini kila aliyekaa mkekani amepewa juzuu yake. Seli nayo husoma sehemu yake tu, nyingine zimefungwa. Inachosoma ndicho kinachoifanya iwe ilivyo.

Minyoo ya kichocho hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, majike yakitaga mayai. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa ukutani na kuuchokoza miaka na miaka. Utando wa ndani wa kibofu kwa kawaida ni laini, hutanuka na kusinyaa. Ukichokozwa hivyo, seli changa za chini yake huanza kuzaa seli bapa, ngumu, kama ngozi ya kisigino. Hiyo huitwa metaplasia. Mwanzoni ni kinga, maana kigumu huvumilia kuliko laini. Lakini seli zinazogawanyika mfululizo ndani ya uvimbe usiokwisha hukusanya makosa katika vinasaba vyao, na baadhi ya watu huishia kwenye saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliingiza kichocho hiki cha mkojo katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa.

Hapo aliyebadilika ni mama, akazaa watoto wa aina nyingine. Je, seli iliyokwisha komaa yaweza kugeuka yenyewe? Mwaka 1987, huko Seattle, maabara ya Harold Weintraub iliwasha jeni moja tu, MyoD, katika seli za panya za tishu unganishi. Zikawa seli za msuli. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walitumia jeni tatu ndani ya kongosho la panya aliye hai, na seli zinazotengeneza vimeng'enya zikaanza kutoa insulini. Miaka miwili baadaye Stanford walipata neva kutoka tishu unganishi, tena bila kuzirudisha kwanza kwenye utoto kama alivyofanya Yamanaka mwaka 2006. Mimi ile ya kongosho ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa nawaza wagonjwa wa kisukari.

Kwa kibofu tiba ya namna hiyo haijafika. Iliyopo ni prazikwanteli, ambayo huua minyoo wakubwa. Na kwa watoto, madhara mengi ya kibofu hupungua baada ya dawa. Ukirudi kwenye maji yale yale utaambukizwa tena.

Mjomba alifariki mwaka 2022, Allah amrehemu. Familia iliporudi Mocímboa, mdogo wangu naye akaona damu. Kituoni walimpima, kilo 30, wakampa vidonge viwili vya miligramu 600. Alivimeza na wali, maana ni vichungu mno. Usiku akanipigia simu:

"Kaka, kwa hiyo bado sijabaleghe?"

Nikamwambia bado.