Zawadi ya Mamajusi: Tabia Huonekana kwa Matendo

Katika hadithi fupi mtungaji hana nafasi ya kusifu watu wake kwa maneno mengi. Hana budi kutuonyesha tabia zao kwa matendo. Mfano mzuri ni "Zawadi ya Mamajusi", hadithi ya Mmarekani O. Henry iliyotokea katika gazeti moja la New York mwezi wa Desemba 1905.

Jim na mkewe Della walikaa katika nyumba ya kupanga. Mshahara wa Jim ulikuwa umepungua kutoka dola 30 kwa juma hadi 20, na kodi peke yake ilikula dola 8. Siku moja kabla ya Krismasi Della alikuwa na dola 1 na senti 87 tu. Walakini walikuwa na vitu viwili vya fahari: nywele ndefu za Della, na saa ya dhahabu aliyoirithi Jim kwa baba yake na babu yake.

Della aliuza nywele zake kwa dola 20, akamnunulia mumewe mkufu wa saa kwa dola 21. Jioni Jim akarudi na vitana vya magamba ya kasa, ambavyo Della alivitamani siku nyingi. Fedha alizipata wapi? Aliiuza saa!

Tuangalie tabia zao. Della alilia kwanza, kisha akatenda upesi. Aliogopa kwamba mumewe hatamwona mzuri tena, lakini hakujizuia. Jim, alipoonyeshwa mkufu usio na saa, hakulaumu. Alitabasamu, akamwambia mkewe aweke nyama jikoni. Kwa neno hilo moja twamjua Jim kabisa.

Huenda msomaji akasema, "Hao ni wapumbavu, zawadi zote mbili hazikufaa kitu." Mtungaji mwenyewe akubali kwamba hawakutumia busara, kisha asema kuwa katika wote watoao zawadi, hao ndio wenye hekima. Maana kila mmoja alipata hakika ya kuwa mwenzake amempenda kuliko fahari yake. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Maswali:
1. Kwa nini mtungaji ametaja bei na hesabu za fedha?
2. Kwa nini habari ya kuuzwa kwa saa imefichwa hadi mwisho?