Siri ya Mtungi: Lugha ya Ushauri Nasaha kwa Wapenzi wa Jinsia Moja, kwa Mfano wa Mbumbuni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika kumsaidia mpenzi wa jinsia moja, mpenzi wa jinsia zote mbili au mtu aliyevuka jinsia kupata ushauri nasaha usiomdhalilisha. Mazingira yanayoangaziwa ni ya Mbumbuni, kaunti ya Makueni. Hoja kuu ni kwamba mteja wa aina hii hupokewa au hufukuzwa na neno la kwanza la mnasihi, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kumpokea ambazo aghalabu hazitumiwi.

1.0 Utangulizi

Mbumbuni ni kituo cha soko katika eneo la Mbooni. Kama ilivyo katika masoko mengi ya Ukambani, watu wa hapo hujuana kwa majina, kwa koo na kwa makanisa. Kujuana huku ni akiba kubwa wakati wa msiba na wakati wa njaa. Hata hivyo, kwa mtu mwenye jambo asiloweza kulitamka, kujuana huko huko hugeuka ukuta. Muuguzi atakayempokea huenda ni jirani wa mama yake, na anayefuata kwenye foleni huenda ni mwimbaji mwenzake wa kwaya.

Makueni si kaunti iliyosahauliwa katika utafiti wa afya ya akili. Katika miaka ya 2010, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei na Profesa Victoria Mutiso waliendesha huko mradi wa kuwafunza wauguzi, wahudumu wa afya wa kijamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini namna ya kutambua dalili za maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Msingi wake ulikuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP. Mafanikio ya mpango wa namna hiyo ni kwamba huduma husogezwa karibu na mwananchi. Swali linalobaki ni la kilugha: anayebisha akiwa na huzuni inayotokana na mapenzi yasiyokubalika kijijini, ataambiwa nini mlangoni?

2.0 Maana ya ushauri unaotambua utu

Ushauri unaotambua utu ni ule ambao mnasihi hauchukulii mwelekeo wa kimapenzi wa mteja, wala utambulisho wake wa kijinsia, kuwa ndio ugonjwa. Kinachotibiwa ni huzuni, hofu, kukosa usingizi, ulevi au mawazo ya kujiua. Msimamo huu una historia. Mwaka wa 1973, Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi. Tarehe 17 Mei 1990, Shirika la Afya Duniani lilifanya vivyo hivyo. Uainishaji wa shirika hilo ulioanza kutumika mwaka wa 2022 nao ulitoa masuala ya waliovuka jinsia katika sura ya maradhi ya akili. Mwaka wa 2016, Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili Duniani kilitamka kwamba hakuna ushahidi thabiti wa kisayansi kuwa mwelekeo wa kimapenzi wa mtu unaweza kubadilishwa, na kwamba majaribio ya kuubadilisha yanaweza kudhuru.

Kama si ugonjwa, mbona wanaougua ni wengi? Mwanasaikolojia Ilan Meyer alilijibu swali hili mwaka wa 2003 kwa nadharia ya msongo wa walio wachache. Kwa mujibu wake, dharau, hofu ya kufichuliwa na mazoea ya kujificha kila siku ni mzigo unaoongezwa juu ya shida za kawaida za maisha. Mzigo huo ndio unaoumiza afya.

Izingatiwe pia kwamba ushauri wa aina hii haumshurutishi mteja ajitangaze. Methali "mficha uchi hazai" hutajwa mara nyingi katika vyumba vya ushauri ili kumhimiza mgonjwa aseme. Ni methali nzuri kwa mtu anayeficha kidonda. Kwa kijana anayetegemea shamba la baba yake na paa la mama yake, kusema hadharani kunaweza kumkosesha vyote viwili. Methali inayomfaa mnasihi ni "siri ya mtungi aijuaye kata". Mnasihi ndiye kata: huingia ndani, huyajua yaliyomo, wala haendi kuyamwaga sokoni.

3.0 Siri na sheria

Hofu ya mteja haitokani na jamii peke yake. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichorithiwa kutoka kwa utawala wa kikoloni, kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 kwa ngono "kinyume cha maumbile", na kifungu cha 165 hadi miaka 5 kwa vitendo baina ya wanaume. Tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha vifungu hivyo. Kwa upande mwingine, mwezi wa Machi 2018 Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua kwamba kuwapima watu sehemu za siri kwa nguvu ili kutafuta ushahidi ni kinyume cha Katiba. Nayo Mahakama ya Juu, tarehe 24 Februari 2023, ilishikilia kwamba kukataa kusajili shirika la kutetea watu hawa ni kuwanyima haki ya kujumuika.

Sheria hizo huadhibu vitendo. Hazimkatazi mtu kuzungumza na mnasihi, wala hazimkatazi mnasihi kumsikiliza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, nacho cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inauweka mwelekeo wa kimapenzi pamoja na hali ya afya miongoni mwa taarifa nyeti. Aidha, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mteja anayejua haya huingia chumbani na hofu iliyopungua kidogo.

4.0 Msamiati na majeraha yake

Mnasihi anayetumia Kiswahili hukabiliwa na uhaba wa maneno yasiyochoma. "Shoga" katika asili yake ya pwani ni mwanamke aliye rafiki wa mwanamke mwenzake, na bado wanawake wa pwani huitana hivyo kwa mapenzi. Katika matumizi ya leo ya bara, neno hilo limegeuka tusi kwa mwanamume. "Hanithi", lenye asili ya Kiarabu, humtaja mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na likitumiwa kwa mpenzi wa jinsia moja huwa limechanganya mambo mawili yasiyohusiana. "Msagaji" limetokana na kitenzi "saga" na humtaja mwanamke kwa tendo tu, kana kwamba hana moyo wala maisha mengine. "Huntha" ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa namna hiyo. Kumwita mpenzi wa jinsia moja huntha ni kosa la maana, si la adabu pekee.

Je, mnasihi aseme nini? Istilahi ndefu kama "mpenzi wa jinsia moja" zinafaa katika maandishi, lakini chumbani kanuni ni moja: mteja ndiye anayejipa jina. Akijiita shoga bila uchungu, mnasihi afuate. Asipojiita chochote, mnasihi asimpachike jina. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

5.0 Sarufi inayofungua na sarufi inayofunga

Kiswahili kina neema moja ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina. Kiwakilishi "yeye" na kiambishi "a-" havibainishi jinsia. Vivyo hivyo maneno "mpenzi", "mwenzi" na "mchumba". Mtu anaweza kusimulia mapenzi yake yote bila kutaja kama anayempenda ni mwanamume au mwanamke, na bila kusema uongo hata mmoja.

Neema hiyo huvunjwa na kitenzi "oa". Kwa kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa, hivyo basi swali "umeoa?" tayari limemgawia mteja nafasi. Hata hapo lugha si jiwe. Ukambani ipo desturi ya iweto, ambapo mwanamke asiyejaaliwa mtoto humwoa mwanamke mwenzake ili watoto wapatikane wa kuendeleza nyumba yake. Desturi hiyo inahusu uzazi na urithi, si mapenzi, na haifai kugeuzwa hoja ya jambo jingine. Lakini kwa mwanaisimu inathibitisha kwamba jamii ikihitaji kusema "mwanamke ameoa", husema, na anayesikiliza haoni sarufi imevunjika.

Mifano miwili ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya funzo hili, inaonyesha tofauti. Mteja ni kijana wa miaka 22.

*Mfano wa kwanza*

MNASIHI: Karibu, kijana. Umeoa?
MTEJA: Bado, daktari.
MNASIHI: Basi shida ni hiyo. Tafuta msichana mwema, mawazo yataisha.
MTEJA: Asante, daktari.

*Mfano wa pili*

MNASIHI: Karibu, kijana wangu. Nyumbani unaishi na nani?
MTEJA: Na mama na dada zangu.
MNASIHI: Na moyoni, yupo mtu wa karibu?
MTEJA: Alikuwepo. Amehamia Nairobi.
MNASIHI: Alipoondoka, wewe ulibaki vipi?
MTEJA: Silali, daktari. Na hakuna ninayeweza kumwambia.

Katika mfano wa kwanza mteja ameshukuru kwa adabu, na hatarudi. Katika wa pili hakuna aliyeuliza jinsia ya aliyehamia Nairobi, wala haikuhitajika. Maradhi yamejitaja yenyewe: kukosa usingizi na upweke. Mnasihi amepata pa kuanzia.

6.0 Kumtafuta mnasihi afaaye

Kwa mtu wa Mbumbuni, njia ni tatu. Ya kwanza ni zahanati au hospitali iliyo karibu, yenye faida ya gharama ndogo na hasara ya kujulikana. Ya pili ni kusafiri hadi Wote, Machakos au Nairobi, ambako hakuna anayemjua, ingawa nauli na siku ya kazi hupotea. Ya tatu ni kuzungumza na mnasihi kwa simu, mradi mteja apate mahali pa faragha. Shambani mchana panaweza kuwa salama kuliko chumbani usiku. Mashirika ya watu hawa, kama vile muungano wa galck+ ulioanzishwa mwaka wa 2006, ni pa kuulizia mnasihi anayeaminika.

Kabla ya kufungua moyo, mteja ana haki ya kuuliza. Je, mnasihi amesajiliwa chini ya Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014? Anachoandika huwekwa wapi, na nani hukisoma? Anaamini kwamba mtu anayempenda wa jinsia yake anapaswa kubadilishwa? Swali la mwisho linaweza kuulizwa kwa kumhusu "rafiki yangu". Jibu litamtosha mteja kuamua kuendelea au kuaga kwa heshima. Mnasihi anayeahidi kumbadilisha mtu, au anayetaka kumwita mzazi bila idhini ya mteja mzima, si wa kurudiwa.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ushauri nasaha huanza katika uteuzi wa maneno kabla ya nadharia yoyote ya saikolojia. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana deni. Istilahi za fani hii hazijasanifiwa vya kutosha, na wauguzi wa mashinani wanalazimika kuokota maneno ya sokoni ili kumtibu mtu aliyejeruhiwa na maneno hayo hayo. Kuandaa orodha fupi ya istilahi zenye heshima, pamoja na maswali kumi yasiyobagua ambayo mnasihi anaweza kumuuliza kila mteja, ni kazi inayowezekana katika muhula mmoja. Huenda ikawa ndiyo sababu ya kijana mmoja kurudi chumbani mara ya pili.

Maswali ya mjadala

1. Taja vitenzi vingine vya Kiswahili vinavyomgawia mtu nafasi ya kijinsia kama "oa" na "olewa". Pendekeza namna ya kuviepuka katika mahojiano ya hospitalini.
2. Linganisha methali "mficha uchi hazai" na "siri ya mtungi aijuaye kata". Ni katika hali gani kila moja inamfaa mnasihi?
3. Chagua lugha ya kwanza unayoifahamu. Je, viwakilishi vyake vinambainisha mtu kijinsia? Eleza athari zake katika mazungumzo ya ushauri.