Kikanyagio Chenye Kazi Mbili

Trekta likiunguruma huku limesimama, ni kitu gani kizuiacho nguvu za injini zisifike magurudumuni? Kitu hicho ni klachi. Nyuma ya injini liko gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili, na juu yake hubanwa pleti ya mviringo iliyovikwa kitambaa kigumu pande zote mbili. Maadamu springi zaibana pleti, vyote viwili huzunguka pamoja. Mwendeshaji akikanyaga, pleti huachiliwa, nguvu zikakatika.

Sasa fikirini trekta dogo kama Massey Ferguson 135, lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Baadhi ya matrekta hayo yana klachi ya pleti mbili, na kikanyagio kimoja tu. Ukikikanyaga nusu, magurudumu husimama. Ukizidi hata mwisho, husimama pia shafti ya nyuma, ile iendeshayo mashine ya kukatia majani. Faida yake ni kubwa: majani yakiwa mengi mno, trekta lasimama, visu navyo vyaendelea kukata mpaka mashine iwe nyepesi tena. Asiyejua huona shafti yazunguka, akadhani klachi imeharibika. La, ndivyo ilivyoundwa. Lakini mtu akiisogelea kwa kuwa trekta limesimama, nguo yake yaweza kunaswa, na mkono ukafuata nguo. Injini izimwe kwanza, sikuzote.

Adui wa klachi hii ni kutu. Trekta likiachwa nje masika nzima, unyevu huingia ndani, uso wa flaiwili ukashika kutu, na pleti ikagandamana nao. Hapo ukikanyaga, springi zaachia, lakini pleti haiachi. Wengi hukimbilia kulikata trekta vipande viwili, injini huku na sanduku la gia kule. Ni kazi nzito ya gharama, na mara nyingi haina haja.

Yapasa kwanza kujua ni pleti ipi iliyoshika. Gia zikilia kwa kukwaruzana hata kikanyagio kifikapo mwisho, ni ile ya magurudumu. Gia zikiingia kimya lakini shafti haisimami, tazameni ya pili. Tena msisahau kikanyagio chenyewe, kwani egemeo lake nalo hushika kutu. Lisafishwe, litiwe grisi. Kisha pimeni mwendo wake mtupu, yaani ule mchezo mdogo kabla hakijaanza kusukuma. Usipokuwapo, beringi husukumwa daima ikaungua. Ukizidi, klachi haifunguki sawasawa. Kipimo chake kimo katika kitabu cha trekta, wala si kitu cha kukisia.

Pleti ya magurudumu ikiwa imegandamana, fundi hukandamiza kikanyagio hata chini kwa kipande cha mti, akakiacha hivyo siku kadhaa. Isipoachia, trekta huvutwa kwa mnyororo na trekta jingine mahali tambarare, gia kubwa ikiwa imetiwa, kikanyagio kimekanyagwa, na kizimio cha injini kimevutwa ili isiwake. Magurudumu yazungusha pleti, injini yakataa kuzunguka, kutu ikakatika ghafula. Hapo trekta huruka mbele, basi mguu uwe karibu na breki, wala asiwepo mtu kati ya matrekta hayo mawili. Kazi hii ni ya watu wazima.

Pleti ya shafti hurekebishwa kwa bolti tatu zilizo ndani, zionekanazo kifuniko kidogo kikifunguliwa. Injini huzungushwa kwa mkono ili kila bolti ije mbele ya tundu kwa zamu yake. Nafasi zote tatu ziwe sawa kabisa, la sivyo pleti hufunguka upande mmoja na kukokota upande wa pili. Vumbi lililomo humo msilipulize, si kwa kinywa wala kwa pampu, kwa maana vitambaa vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, idhuruyo mapafu. Lifutwe kwa tambara lililoloweshwa maji.

Nati zikiisha kukazwa, injini huwashwa, na kikanyagio hukanyagwa polepole. Magurudumu yasimame kwanza, shafti baadaye.