SOMO LA MWEZI: NGOMA YA MWALI

Someni: Zaburi 150, 1 Wathesalonike 5:21.

Ngoma ikilia usiku hapa Turiani, Wazigua, Wanguu na Waluguru wote hujua maana yake: kuna mwali anatolewa nje. Wazazi Wakristo huulizana, "Je, na sisi tumcheze binti yetu?" Natulipime jambo hili bila hasira.

1. Ngoma yenyewe
Ngoma ni gogo lililochimbwa ndani, likawambwa ngozi. Kabla ya kupigwa huoteshwa moto, maana ngozi iliyolegea haina sauti. Katika gogo na ngozi hamna dhambi. Zaburi tuliyosoma inataja matari na kucheza katika kumsifu Mungu.

2. Mafundisho yake
Wazee wa pande zetu huiita sherehe hii mkole, kwa jina la mti. Kwetu ukoo hufuata mama. Binti akikua, ukoo mzima hushangilia, maana kwake ukoo utaendelea. Kungwi humfundisha usafi, adabu na kuheshimu wakubwa. Hayo ni mema. Lakini zikiingia pombe na nyimbo za matusi, na mtoto wa shule akaambiwa kwamba sasa yu tayari kuolewa, ngoma imempotosha. Tena tangu mwaka 2016, sheria ya elimu imekaza adhabu: anayemwoa mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30.

3. Waliotutangulia
Huko Masasi, mwaka 1913, Padre Vincent Lucas pamoja na mapadre Waafrika hawakuitupa jando. Waliiweka chini ya sala, wakaondoa yasiyopatana na imani. Lucas akawa Askofu wa Masasi mwaka 1926. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa unyago ni mambo ya akina mama, na mgeni hawezi kuyatengeneza kwa niaba yao.
Kwa ndugu zetu Wagogo, muheme ni ngoma ya akina mama, iliyopigwa katika unyago. Leo wanakwaya huipiga kanisani, wakimsifu Kristo kwa mapigo yale yale.

4. Basi tufanye nini?
Tukikataza tu, binti atapelekwa kwa siri, na atakayoambiwa huko hatutayajua. Afadhali akina mama wa kanisa wenye busara wawe makungwi wenyewe. Ngoma ifanywe wakati wa likizo, bila pombe, na mwali arudi darasani shule ikifunguliwa. Akina baba wasiseme, "Hayo ni ya wanawake," kisha wapokee mahari ya mtoto.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni mafundisho gani ya mkole tungependa binti zetu wayashike?
2. Ni nyimbo zipi hatuwezi kuziimba mbele ya Mungu?
3. Katika mtaa wetu, ni mama gani wanaofaa kuwa makungwi?