Ninavyochagua vitabu vya maktaba yetu hapa Mgori, Singida

Kila tunapokaa kugawa fedha za vitabu vya maktaba yetu ndogo, hoja ya kwanza ni ileile: tununue vya kiada, watoto wafaulu. Nami msimamo wangu ni uleule. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo, na mwalimu mwenye simu janja anaweza kuvifungua darasani. Isitoshe, mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo ukinunua bila kuangalia toleo unajaza kabati karatasi. Shilingi ya maktaba ya umma imtafute kwanza asiye na pengine pa kusoma: aliyemaliza darasa la saba zamani, mama wa shamba la alizeti, kijana mwenye mizinga ya nyuki.

Nalishikilia hili kwa sababu nchi yetu ilishaonja hasara ya kumsahau msomaji wa namna hiyo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Ikaja kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, na takwimu za serikali za 1986 zikasema waliobaki hawafiki asilimia 10. Wakati huo vijiji vilipata maktaba ndogo, na Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake la wanakisomo, Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma jana wasisahau kesho. Maktaba zile nyingi zilipokufa, watu wakakosa cha kusoma, na wengi wakarudi walikotoka. Ninapochagua kitabu leo namfikiria mtu huyo kwanza.

Kwa hiyo orodha za wachapishaji nazisoma mwisho. Naanza na daftari la vilivyokosekana: kila anayeulizia kitabu tusichonacho, namwandikia swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hapa kuna kitabu kinachoeleza kwa nini nyuki huhama mzinga?" Hakutaja mwandishi wala jina la kitabu, lakini swali hilo linatosha kunituma dukani. Daftari lina upungufu wake, maana linawajua wanaoingia tu. Wasioingia nawafuata mnadani, zahanati, na kwenye mashine za kukamua alizeti ambako watu husubiri zamu na wana nafasi ya kuzungumza. Siulizi wanapenda kusoma nini. Nauliza mwaka huu wametatizwa na nini. Jambo likitajwa na watu wawili wasiojuana, linapanda juu ya orodha.

Kitabu cha kilimo nakifungua kwa ukali. Singida ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, hivyo kilichoandikwa kwa mkulima wa mteremko wa Kilimanjaro hakimfai mtu wa Mgori. Kama ni cha alizeti, natafuta kama kinaitaja mbegu ya Rekodi ambayo watu wanaijua, na kama kinaeleza tofauti yake na chotara. Kisha naangalia mwaka wa kuchapwa na sumu zinazopendekezwa. Kitabu kinachomshauri mkulima kupulizia endosalfani, sumu iliyoingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani, hakiingii kwetu hata kwa bure. Vitabu vya afya navipima hivyohivyo. Mwisho nasoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mtu asiye mwalimu. Akiniuliza maana mara kwa mara, nakirudisha.

Umbo nalo lina neno. Gundi hukauka kwa joto na vumbi la huku, kurasa zikachomoka, hivyo kilichoshonwa nakilipia zaidi bila kusita. Herufi ziwe kubwa. Wazee wetu wengi hawana miwani.

Sasa riwaya. Kuna wanaoniambia hadithi ni anasa, na hapo sikubaliani nao kabisa, kwa sababu mazoea ya kusoma hujengwa na kitabu ambacho mtu hataki kukiweka chini. Kwa vijana wa kiume naanza na Elvis Musiba, Kufa na Kupona ya 1974, na Ben Mtobwa, nakala mbili mbili ili wapate wa kubishana naye. Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka 1975, inazungumza na kijana yeyote anayetaka kukimbilia mjini. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert ni wa kila mama aliyeambiwa sauti yake haifiki mbali. Rosa Mistika ya Kezilahabi iliwahi kuzuiwa mashuleni, na wajumbe wengine wa kamati yetu bado wanaiogopa. Mimi nasema inunuliwe, wazazi waisome kwanza, kwani ukali wa baba kwa binti ni jambo la kuzungumzwa hapa kwetu pia. Na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis mwaka 2022, lazima iwepo: mshindi wa Nobel aliyezaliwa Zanzibar asomwe kwa Kiswahili hadi vijijini.

Misaada tunaipokea kwa sharti moja lililoandikwa: tunachukua kile tu ambacho tungekinunua. Omba orodha kabla boksi halijafungwa. Mfadhili mwema hakasiriki.

Kabati linaloniumiza ni la habari zetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Nduamghanga na Mughunga, viligawana ulinzi wa msitu wa Mgori, karibu hekta 44,000, na kujitungia sheria ndogo. Wataalamu wa misitu wa mbali wanautaja mfano huo hadi leo, nao ulitangulia Sheria ya Misitu ya 2002. Lakini maandishi yake mengi ni ya Kiingereza. Kadhalika vitabu vikubwa kuhusu Wanyaturu, kile cha Harold Schneider cha 1970 na The Long Path cha Marguerite Jellicoe cha 1978, havina msomaji hapa. Ninachoweza kununua ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa Kiswahili, na hiyo huazimwa kweli.

Ombi langu kwenu mliosoma, hasa wana wa Singida mlioko vyuoni: mwenye ripoti au tasnifu kuhusu msitu huu atupatie nakala, na mwenye uwezo wa kutafsiri aanze hata na kurasa kumi. Tutazichapa kwa herufi kubwa, tutazijalidi, na tutaziweka kwenye rafu ya mbele.