Fedha za Kuanza Chuo na Fedha za Kumalizia

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mzazi, mlezi na mwanafunzi waweze kutofautisha mkopo na ruzuku, kuhesabu gharama za masomo mpaka siku ya kuhitimu, na kuuliza maswali yanayostahiki kabla ya kutia saini.

1. Chuo ni huduma, na anayeilipia ni mlaji

Anayeagiza mashua haulizi bei ya mbao peke yake. Huuliza pia misumari, kalafati, tanga na ujira wa fundi, kwa kuwa mashua iliyosita nusu haimvushi mtu. Masomo ya chuo yana hesabu ya namna hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyeacha chuo katika mwaka wa pili hana shahada ya kuombea kazi, lakini fedha zilizotumika hazirudi, na kama alikopa, deni lake lipo.

Jambo hili linazihusu sana familia za Kiuyu, kuanzia Kiuyu Minungwini katika Wilaya ya Wete mpaka Kiuyu Mbuyuni katika Wilaya ya Micheweni. Kaya nyingi za huko hutegemea uvuvi, mwani, kilimo na karafuu, na vipato hivyo huja kwa nyakati zake. Mwani hufuata bamvua, dagaa hufuata giza la mwezi, na karafuu zina msimu wake. Ada ya chuo hailijui bamvua wala msimu. Hudaiwa kwa tarehe iliyoandikwa. Ndiyo maana familia huweza kujikusanya ikampeleka kijana chuoni mwaka wa kwanza, kisha ikaelemewa katika miaka inayofuata.

2. Tofautisha majina ya fedha

Mkopo ni fedha inayorejeshwa. Hapa Zanzibar mikopo ya wanafunzi husimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2011. Kwa upande wa Tanzania Bara ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na iliyoanza kazi mwaka 2005. Kila bodi ina mwongozo wake. Msomaji asichukue sharti la bodi moja akadhani ni la nyingine.

Ruzuku ni fedha isiyorejeshwa ikiwa mpokeaji ametimiza masharti. Nyingine hupewa mwanafunzi mwenyewe, na nyingine hupewa chuo ili kigharamie huduma za kuwasaidia wanafunzi wadumu masomoni.

Ufadhili, ambao wengi huuita skolashipu, ni aina ya ruzuku inayotolewa kwa sifa maalumu. Mfano ni Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022 kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Anayepata ufadhili wa namna hii hutakiwa kuendelea kufaulu kwa kiwango kilichowekwa. Kwa hiyo hata fedha isiyorejeshwa ina sharti, na sharti lisilosomwa humshtua mwenyewe katikati ya safari.

3. Masharti ya mkopo huweza kubadilika

Historia ya mikopo ya Tanzania Bara inatufundisha kusoma masharti kwa makini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mnufaika aliyeajiriwa kutoka 8% hadi 15% ya mshahara wa msingi. Aidha, kulikuwa na tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, na wanufaika wengi wakapata nafuu.

Funzo kwa mlaji ni hili: soma mwongozo wa mwaka unaoombea, wala usitegemee maelezo ya ndugu aliyesoma miaka kumi iliyopita. Weka nakala ya mkataba nyumbani, na kila mwaka uliza deni limefikia kiasi gani.

4. Mwaka wa kwanza si kipimo

Barua ya kupangiwa mkopo humfurahisha kila mtu nyumbani, lakini haimaanishi kuwa fedha zitafuata zenyewe mpaka mwisho. Kuendelea kulipiwa hutegemea matokeo ya mitihani ambayo chuo huyapeleka bodi. Mwanafunzi aliyeshindwa mwaka, aliyeahirisha masomo kwa ugonjwa au uzazi, au aliyehama chuo au programu, huweza kusimamishiwa fedha mpaka taarifa zake ziwekwe sawa. Anayekaa kimya kwa haya au kwa hofu hujiongezea hasara.

Kwa sababu hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, anayelazimika kuahirisha masomo aombe barua rasmi ya chuo kabla ya kuondoka, na ahakikishe kuwa afisa wa mikopo wa chuo ameijulisha bodi. Pili, atakaporudi, adai barua ya kurejea masomoni. Tatu, majina yake yaandikwe kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli na akaunti ya benki. Cheti cha kuzaliwa chenye kasoro kirekebishwe mapema kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar.

5. Kinachomwangusha mwanafunzi huweza kuwa kidogo

Vyuo vya jamii vya Jiji la New York, nchini Marekani, vilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP. Mbali na kuziba pengo la ada, mpango huo uliwapa wanafunzi nauli ya usafiri, msaada wa vitabu, na mshauri aliyekutana nao mara kwa mara. Kwa upande wao, wanafunzi walitakiwa kusoma kwa muda wote na kuhudhuria ushauri. Taasisi ya utafiti ya MDRC ililinganisha makundi mawili yaliyogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka mitatu, wanafunzi 40 katika kila 100 wa mpango huo walikuwa wamehitimu, na katika kundi lisilokuwamo walihitimu 22.

New York si Pemba, lakini funzo lake linafika hapa. Nauli, kitabu na mtu wa kumuuliza ni vitu vidogo kuliko ada, na hata hivyo vikikosekana pamoja humtoa mwanafunzi darasani. Basi unapochagua chuo, uliza huduma hizi kama unavyouliza ada. Uliza pia kama programu unayoitaka inafundishwa karibu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kina kampasi Mchangamdogo, hapa hapa Pemba. Mwanafunzi anayeweza kulala kwao huokoa kodi ya chumba na nauli ya boti ya Unguja.

6. Hesabu ya mfano

Viwango vifuatavyo tumevitunga kwa ajili ya kufundishia. Weka viwango vya chuo chako mahali pake.

Gharama za mwaka mmoja:
- Ada: shilingi 1,200,000
- Chakula na malazi: shilingi 1,800,000
- Vitabu na viandikwa: shilingi 200,000
- Nauli ya kwenda na kurudi: shilingi 160,000
- Mafunzo kwa vitendo: shilingi 240,000
- Jumla: shilingi 3,600,000

Tuseme mwanafunzi amepangiwa mkopo wa shilingi 2,880,000 kwa mwaka. Pengo ni shilingi 720,000, sawa na shilingi 60,000 kila mwezi. Kwa programu ya miaka mitatu, familia italazimika kutafuta shilingi 2,160,000 zaidi ya mkopo, nazo zinahitajika hata mwezi ambao bahari imechafuka na mwani haukauki.

Njia ya kulikabili pengo hili ni kuliandaa wakati wa mavuno. Familia inayouza karafuu au mwani itenge sehemu ya mapato siku ile ile ya malipo, katika akaunti ya benki au katika kikundi cha hisa kinachoaminika. Fedha ya mwaka wa pili iwekwe kando kabla mwaka wa kwanza haujamalizika.

Sasa tuliangalie deni. Kwa miaka mitatu mkopo umefikia shilingi 8,640,000. Mhitimu akiajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 na kukatwa 15%, atalipa shilingi 90,000 kwa mwezi. Bila ya kuongezeka tozo yoyote, deni litakwisha baada ya miezi 96, yaani miaka minane. Aliyeacha masomo naye anadaiwa kile alichokwisha kuchukua, lakini huenda asipate mshahara wa kukatwa. Hapo ndipo uzito wa kutomaliza unapoonekana.

7. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

- Fedha hii inarejeshwa au hairejeshwi?
- Inagharamia nini, na nini hakimo?
- Ni ya mwaka mmoja au ya programu nzima?
- Nikishindwa somo, nikiugua au nikijifungua, nini kitafuata?
- Marejesho yanaanza lini, na kwa kiwango gani?
- Chuo kinarudisha ada kwa anayeondoka mapema, na kwa masharti gani?

Majibu yapatikane kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haina nguvu mbele ya karani wa uhasibu.

8. Jihadhari na matapeli

Msimu wa maombi huwa msimu wa walaghai pia. Bodi za mikopo hazimtumi mtu kupita vijijini kuuza nafasi. Anayedai fedha ili "akusukumie faili", anayekuomba nywila ya akaunti yako ya maombi, au anayekutaka utume malipo kwenye nambari yake binafsi ya simu, usimpe. Malipo halali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, nawe hupata risiti. Kabla ya kulipa ada ya chuo kikuu chochote, hakikisha chuo na programu yake vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ukitapeliwa, hifadhi ujumbe na risiti, kisha toa taarifa polisi mapema.

9. Maswali ya kujipima

(a) Mwanao amepata ufadhili wa ada peke yake. Taja gharama nne ambazo bado ni juu yenu.
(b) Mkopo umepungua kwa shilingi 480,000 kwa mwaka. Familia iweke kiasi gani kila mwezi?
(c) Mwanafunzi ameugua na anarudi nyumbani kwa muhula mmoja. Ni barua zipi mbili azipate, na nani ajulishwe?

Majibu: (a) chakula na malazi, vitabu na viandikwa, nauli, mafunzo kwa vitendo. (b) Shilingi 40,000. (c) Barua ya kuahirisha na barua ya kurejea masomoni. Bodi ijulishwe kupitia afisa wa mikopo wa chuo.

Tunawashauri wazazi na vijana wakae pamoja, wajaze hesabu ya sehemu ya 6 kwa viwango vyao wenyewe, na waijaze kwa miaka yote ya programu kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.